Simu Inahesabu Hatua, Mlima Haiuoni

Katika promosheni yetu, yaani wanafunzi wa mwaka wetu chuoni Bukavu, mashariki mwa Kongo, aliyeongoza orodha ya hatua zinazohesabiwa na simu karibu kila Jumapili alikuwa kijana asiye na pesa ya moto, yaani pikipiki ya abiria. Asubuhi anatoka Panzi kwa miguu, anapita Essence, anapanda vichochoro vya Kadutu mpaka chuoni. Jioni anarudi njia ileile, mara nyingi akiwa hajatia kitu tumboni tangu chai. Siku moja kundi la WhatsApp lilipomjazia pongezi, alijibu kwa sauti ya kurekodi, huku anacheka: "Bakubwa, mi natembeya juu sina franga. Munipatiye moto ya kila siku, halafu tuone kama nitabakia wa kwanza."

Karibu yote niliyojifunza kuhusu programu za afya kwenye simu na wanafunzi wa Bukavu yamo ndani ya jibu hilo.

Wazo lenyewe lilitoka darasani. Tulikuwa tunasoma afya ya jamii, na kozi ilikuwa imetufikisha kwenye magonjwa yasiyoambukiza: shinikizo la damu, kisukari, moyo. Shirika la Afya Duniani, ambalo hapa tunaliita OMS, lilitangaza kwamba mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani, takriban bilioni 1.8, hawakuwa wakifanya mazoezi ya kutosha. Kwa vijana wa umri wa miaka 11 hadi 17 hali ni mbaya zaidi: zaidi ya asilimia 80. Kipimo cha kutosha nacho kinajulikana tangu mwongozo wa 2020: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Sisi tukajitazama. Tunakaa kwenye viti vya mbao tangu asubuhi, tunainamia silabusi, jioni tunainamia simu. Simu kila mtu anayo au anaazima. Basi mimi na wenzangu wawili tukasema: kifaa kinachotukalisha ndicho kitusimamishe. Google Fit, Samsung Health, programu hizo zilikuwa zinapatikana bila kulipa, na kuhesabu hatua hakuli mega, yaani bando la intaneti, kwa sababu hesabu inafanyika ndani ya simu yenyewe. Mega zinahitajika tu wakati wa kutuma picha ya matokeo.

Tuliweka lengo ambalo simu ilikuja nalo: hatua 10,000 kwa siku.

Nilipokwenda kutafuta namba hiyo ilitoka wapi, nilicheka peke yangu. Haikutoka maabara. Ilitoka Japani, mwaka 1965, baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, pale kampuni ya Yamasa ilipoanza kuuza kifaa cha kuvaa kiunoni chenye namba hiyo ndani ya jina lake. Ilikuwa biashara, na namba ya duara inauzika. Watafiti walikuja kuipima baadaye sana. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake waliwafuatilia wanawake wazee wa Marekani, wakaona kwamba waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700 hivi, na kwamba faida iliacha kupanda ilipofika kama 7,500. Hata hivyo namba ya kulenga ina kazi yake. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba waliovaa vihesabu hatua waliongeza mwendo wao kwa karibu asilimia 27, na kuwa na lengo lilikuwa jambo lililowatofautisha walioongeza na wasioongeza. Kwa hiyo sisemi lengo ni upuuzi. Nasema tu kwamba hakuna aliyekuja kupima lengo hilo kwenye ngazi za Kadutu.

Maana mji huu si wa tambarare. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka majini Bukavu inaanza kupanda bila kupumzika. Rasi za Ibanda zinaingia ziwani kama vidole vya mkono, lakini ukilipa ziwa kisogo kuelekea Kadutu, kila mtaa ni mlima juu ya mlima. Barabara ya lami inazunguka. Mwanafunzi hazunguki, anakata kwenye ngazi za udongo kati ya nyumba na nyumba, na mvua ikinyesha, kuanzia Septemba mpaka Mei, anapanda kwa kushika kuta za watu.

Sasa simu inaelewaje hayo? Ndani yake kuna kihisi kidogo cha mwendo kinachopima mtikisiko wa pande tatu. Mwili unapotembea, mtikisiko unajirudia kwa mdundo, na programu inautambua mdundo huo na kuandika: hatua moja, hatua nyingine. Ili kujua kama unatembea kwa nguvu, programu nyingi zinaangalia kasi ya mdundo. Hatua 100 kwa dakika au zaidi huhesabiwa kuwa mwendo wa wastani unaofaa moyo. Kwenye barabara ya tambarare hesabu hiyo ni ya haki. Lakini mtu anayepanda ngazi za Kadutu na begi mgongoni hafikishi hatua 100 kwa dakika. Anafika 60, pengine 70, mdomo wazi, moyo unagonga masikioni. Simu inaona mdundo wa polepole na kuandika kwamba huyu anapunga upepo. Anaposhuka kilima mbiombio, bila jasho, ndipo inampa sifa. Zipo simu zenye kihisi cha mgandamizo wa hewa kinachojua kwamba umepanda, ila hizo si simu za promosheni yetu.

Hili lilituchokoza kuliko jambo lingine lolote, na tukafanya kama wanafunzi wa afya wanavyopaswa kufanya. Tulisimama juu ya mpando, tukaweka vidole viwili shingoni, tukahesabu mapigo kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Kanuni ya darasani ni kutoa umri kwenye 220: mwenye miaka 22 anapata 198, na mwendo wa wastani kwake ni kati ya mapigo kama 127 na 150 kwa dakika. Wengi wetu tulipofika juu tulikuwa tumeshavuka hapo, tumeingia kwenye mwendo mkali, wakati skrini inasema mwendo hafifu. Tangu siku hiyo tulitumia kipimo kisichohitaji betri: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Ukishindwa kusema zaidi ya maneno machache bila kuvuta pumzi, uko kwenye mkali. Kuna mmoja wetu, mwimbaji wa kwaya, alidai anaweza kuimba popote. Tulimpandisha Kadutu na hoja ikaisha.

Lingine ambalo simu hailioni ni mzigo. Msichana anayebeba bidoni ya lita 20 kutoka bombani anafanya kazi ambayo mtu wa gym analipia, lakini kwa programu hatua zake ni sawa na za anayetembea mikono mitupu. Afadhali zingeandikwa hata hizo. Kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga, hakina mfuko, na nani abebe simu kwenda bombani? Simu inabaki nyumbani inachajiwa, kwa sababu umeme umerudi na haujulikani utakatika saa ngapi. Ukiangalia orodha yetu ya wiki za mwanzo, wavulana wamejaa juu na wasichana wamejaa chini, na profesa mmoja tuliyemwonyesha alikuwa tayari kuandika kwamba wasichana wa promosheni ni wavivu. Dada mmoja alisimama akamweleza siku yake ilivyo kuanzia saa kumi na moja alfajiri: maji, mkaa, wadogo zake wa kuoshwa, ndipo masomo. Hakuongeza neno la ukali. Profesa alifuta sentensi yake.

Kuna na mambo ya aibu ya simu zenyewe. Kwenye barabara yenye mashimo, mtu akiwa amekaa nyuma ya moto, baadhi ya simu zilikuwa zinamwandikia hatua kwa mtikisiko tu. Simu nyingine, ili kuokoa betri, zinaizima programu kimyakimya mara tu skrini ikifungwa, na mwenyewe anagundua jioni kwamba ametembea siku nzima na hesabu ni hatua mia mbili. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya betri na kuiruhusu programu ifanye kazi bila kizuizi. Tuliwafanyia wengi hivyo, lakini wengine walikataa, na walikuwa na haki. Mtu anayelipia kuchaji simu kwa jirani mwenye jenereta hawezi kukubali betri yake iliwe na hesabu.

Lakini kilichonikera kweli ni kalori. Programu tuliyotumia ilikuwa na tabia ya kutuma ujumbe jioni: hongera, umechoma kalori kadhaa leo, endelea hivyo, kiuno kinapungua. Ujumbe huo uliandikwa kwa mtu ambaye tatizo lake ni chakula kingi. Ulimfikia mwanafunzi anayekula mara moja kwa siku, bugali na sombe, yaani majani ya muhogo, na sambaza, dagaa wa ziwani, siku zikiwa nzuri. Rafiki yangu mmoja aliusoma kwa sauti mbele ya chumba kizima cha wapangaji, na wote wakacheka mpaka machozi, halafu akaifuta programu. Sikumlaumu. Mama yangu, ambaye huuza samaki sokoni Kadutu na hajakaa chini tangu nimjue, aliniuliza kwa maneno yake: "We mutoto, unatembeya, inahesabu, sasa inakulipa?" Nikamwambia hailipi. "Basi iyo simu iko na dharau."

Tulizima sehemu ya kalori kwa kila aliyebaki. Naona ingefaa iwe imezimwa tangu mwanzo, na mwenye kuitaka aiwashe.

Halafu kuna ramani, na hapa sicheki. Programu za kukimbia zinapenda kuchora njia uliyopita kwa kutumia setilaiti, na nyingine zinaiweka hadharani mpaka wewe mwenyewe useme hapana. Dunia ilijifunza hatari yake Januari 2018, ilipogundulika kwamba ramani ya pamoja ya Strava, programu ya kukimbia, iliyochapishwa mwishoni mwa 2017, ilikuwa inaonyesha njia za mazoezi za wanajeshi ndani ya kambi zao katika nchi kadhaa. Walikuwa wanakimbia tu asubuhi na saa zao mkononi. Mtu wa Kivu akisikia habari hiyo haulizi mara mbili. Huku simu inaweza kufunguliwa na mkono usio wako njiani, na mchoro wa njia zako, wenye saa na mahali, ni karatasi ya mashtaka iliyokwisha kuandikwa. Na hata bila mtu mwenye silaha, msichana anayekimbia njia moja kila alfajiri na kuichapisha amemwambia kila mtu atakuwa wapi kesho. Kwa hiyo sharti letu lilikuwa moja na halikuwa na mjadala: mahali pamezimwa, njia haichorwi. Hatua zinahesabika bila hiyo.

Sasa utaniuliza kama kuna aliyefaidika. Wapo, na si wale niliowatarajia. Kijana wa Panzi hakuongeza hata hatua moja, na asingetakiwa kuongeza. Alichohitaji ni chakula na viatu. Walioshtuka ni wanaoishi karibu kabisa na chuo, pamoja na wale wanaoletwa na gari la familia. Hao walikuwa wanajiona watu wa Bukavu kama wengine, watu wa mlima, watembeaji. Walipoona wiki yao imeandikwa, siku baada ya siku chini ya hatua 3,000, walinyamaza. Mmoja aliniambia kwamba alidhani simu imeharibika, akaizungusha ndani ya nyumba akihesabu kwa mdomo ili aikamate inaiba. Simu haikuwa inaiba.

Kwa hao tulibadilisha utaratibu. Tuliacha 10,000. Wiki ya kwanza mtu anapima tu maisha yake ya kawaida bila kubadilisha chochote, anaandika wastani wake, na wiki zinazofuata anaongeza kidogo juu ya wastani huo, sio juu ya wastani wa mwenzake. Mwenye 3,000 akifika 4,500 anapongezwa sawasawa na mwenye 12,000 aliyebaki palepale. Kwenye orodha tuliondoa nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, tukaacha alama moja tu: umeongeza, au umebaki. Wavulana walilalamika kwamba tumeua mchezo. Kweli, msisimko ulipungua. Lakini wasichana waliokuwa wameacha kutuma matokeo walirudi.

Dakika tukazihesabu kando, kwa kipimo kile cha kuongea na kuimba. Wasio na simu ya kisasa waliandika dakika zao kwenye daftari, na tukawaamini. Kubeba maji kuliingizwa. Kufua kwa mikono kuliingizwa baada ya ubishi mrefu, maana wavulana walisema kufua si mazoezi, ndipo tukawaomba wafue mashuka mawili kisha wapime mapigo.

Ila jambo lililowavuta watu nje ya kitanda halikuwa ndani ya simu. Ni futingi ya Jumamosi, yaani kukimbia pamoja. Hapa Bukavu vikundi vya kukimbia na nyimbo alfajiri vimekuwepo kabla ya simu za kisasa: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, miguu inapiga lami kwa pamoja, na wenye kulala wanatukana dirishani. Sisi tulijiunga na desturi hiyo. Tulikutana Nyawera, tukafuata barabara kuelekea upande wa ziwa ambako kuna tambarare kidogo, tukaishia na kunyoosha misuli. Msichana ambaye peke yake angepigiwa miluzi na motari, yaani waendesha moto, alikimbia katikati ya watu ishirini na hakuna aliyemgusa kwa neno. Simu ilikuwa na kazi mbili tu: kengele ya saa kumi na moja na nusu, na ujumbe wa usiku wa jana unaosema nani anakuja. Ukishaandika kwamba unakuja, ni vigumu kutokwenda. Kuna mtu atakugongea mlango.

Sesheni, yaani kipindi cha mitihani, ilipokaribia, kila kitu kilianguka. Orodha ikabaki na majina machache, futingi ikabaki na watu wanaohesabika kwa vidole. Hilo silioni kama kushindwa. Mwanafunzi mwenye mitihani analala kwa muda wa saa nne tu, anakunywa chai kavu na kukariri. Kumtumia kengele ya "umekaa muda mrefu, simama" ni kumtafutia ugomvi. Tulichofanya ni kuomba kitu kidogo: kila baada ya kurasa kadhaa, simama, nenda mpaka mlangoni, rudi. Wengi walisema walifanya. Nusu yao nawaamini.

Mwenzangu mmoja kati ya wale wawili tulioanza nao anasema mpaka leo kwamba programu haikufanya lolote, kwamba kundi la kukimbia lingetosha na tungeokoa mega. Mimi namjibu kwamba wale wa hatua 3,000 wasingekuja kwenye futingi kama wasingejiona kwanza kwenye skrini. Walikuwa hawajui kuwa wao ndio tunaowazungumzia. Yeye anasema wangeambiwa tu. Mimi nasema waliambiwa kwenye kozi nzima, na takwimu za OMS zilikuwa ubaoni mbele yao, wakanakili na kufunga daftari.

Mwaka huu promosheni iliyo chini yetu imeomba tuwaonyeshe. Tumewaambia wapime wiki ya kwanza bila lengo, wazime mahali, wazime kalori, na wenye vikwembe wapewe kifuko cha kufunga kiunoni, ambacho fundi cherehani wa karibu na chuo anashona kwa vipande vya kitambaa kilichobaki. Michango ya mega tuliyokuwa tunakusanya kila mwezi imebaki kiasi kwenye mkono wa mweka hazina. Wavulana wanataka inunue mpira. Mimi na wasichana kadhaa tunataka vifuko zaidi. CP, yaani kiongozi wa promosheni, ameahirisha kura mara mbili, anasema anasubiri watu wote wawepo.